Herufi Moja Mgongoni

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua. Methali hiyo nimekuwa nayo tangu siku za shule, na katika mambo mengi imenifaa. Lakini ipo filamu moja ya uhalifu ambayo mbele yake methali hii hulegea. Waerevu wengi wameifumbua, kila mmoja kwa namna yake, na karibu kila mmoja ametoka na jibu lililompendeza. Baadhi ya majibu hayo hayakumdhuru mtu. Mengine yalitiwa katika kapu la chuki, yakatumika kuwazoesha watu kuwaona binadamu wenzao kuwa si binadamu. Ndiyo maana sioni kuwa ni kazi bure kuizungumza filamu hiyo, ingawa imekwisha kupita miaka 90 na ushei.

Jina lake ni herufi moja tu, M. Iliongozwa na Fritz Lang, mzaliwa wa Vienna, ambaye aliandika hadithi yake pamoja na mkewe, Thea von Harbou. Ilionyeshwa rasmi kwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 11 Mei 1931, nayo ndiyo filamu ya kwanza ya Lang yenye sauti. Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mtu asiyejulikana anawaua watoto wadogo katika mji mkubwa. Polisi wanamtafuta bila mafanikio, na katika kumtafuta wanavamia vilabu na maficho kila usiku, hata wezi na majambazi wanashindwa kufanya kazi zao. Basi majambazi nao wanaamua kumsaka wenyewe, wakiwatumia ombaomba wa mji kuwa macho yao. Wanampata, wanamfikisha mbele ya baraza lao, na wanataka kumwua.

Msomaji, kabla ya kuzitazama picha zenyewe, yafaa tukumbuke wakati wake. Ujerumani ya mwaka 1931 ilikuwa nchi iliyoshikwa koo na mdororo wa uchumi. Watu wasio na kazi walikuwa wakiongezeka mwezi hadi mwezi, na mwanzoni mwa mwaka 1932 walizidi milioni 6. Chama cha Wanazi, ambacho miaka michache nyuma kilikuwa kidogo, kilikwisha kuwa cha pili kwa ukubwa bungeni baada ya uchaguzi wa Septemba 1930. Tena nchi nzima ilikuwa ikimzungumza Peter Kürten, mwuaji wa Düsseldorf, ambaye alihukumiwa kifo mwezi Aprili 1931 na kukatwa kichwa mjini Köln tarehe 2 Julai mwaka huo huo. Filamu ya Lang ilitoka katikati ya tarehe hizo mbili, baada ya hukumu na kabla ya upanga. Watu waliokwenda sinema hawakwenda na mioyo mitupu. Kila mmoja alikuwa na neno lake kuhusu adhabu ya kifo.

Sasa tuingie ndani. Mwanzoni tunamwona mama mmoja, mfuaji nguo, akimngoja binti yake arudi kutoka shule. Ameandaa meza. Binti, jina lake Elsie, yuko njiani akidundisha mpira. Anaurusha mpira wake juu ya tangazo lililobandikwa ukutani, tangazo linaloahidi zawadi ya maki 10,000 kwa atakayesaidia kumkamata mwuaji. Mara kivuli cha mtu mwenye kofia kinalala juu ya tangazo lile, na sauti inamsifia mtoto mpira wake. Mtu huyo anamnunulia puto lenye umbo la mtu kutoka kwa muuzaji kipofu. Kisha mama anaita. Kila anapoita, tunaonyeshwa mahali palipo patupu: ngazi za jengo, dari yenye nguo zilizoanikwa, kiti na sahani mezani. Halafu mpira unabingirika kutoka kichakani na kusimama. Halafu puto linanaswa katika nyaya za simu, linatikisika kidogo, linapeperuka.

Hatuonyeshwi kisu. Hatuonyeshwi damu. Hatuonyeshwi hata uso wa mwuaji. Na hakuna mtu, popote niliposikia filamu hii ikizungumzwa, aliyewahi kuuliza mtoto yule amepatwa na nini. Hapa fumbo limefumbuliwa na kila mtu kwa jibu moja, kwa kuwa mwongozaji ametufunga kamba mikononi: mpira tuliuona ukiwa na mwenyewe, sasa uko peke yake. Ishara ya picha haina uganga wowote. Inakuwa ishara kwa sababu tumekutana nayo kabla, katika hali nyingine, na sasa imebadilika. Sahani ni sahani tu mpaka mwenye kuilia asirudi.

Sauti nayo ni vivyo hivyo. Mwuaji, ambaye baadaye tunajua jina lake ni Hans Beckert, ana tabia ya kupiga mluzi kipande cha muziki wa Edvard Grieg. Mwigizaji wake, Peter Lorre, hakuweza kupiga mluzi, ikabidi Lang mwenyewe aupige. Anayekuja kumtambua Beckert ni yule kipofu muuza maputo, maana ndiye pekee ambaye hakudanganywa na uso wake. Macho ya mji mzima yalimpita, kwa sababu Beckert ana sura ya mtu wa kawaida, mnene kidogo, mpole, mwenye macho makubwa kama ya mtoto aliyekaripiwa. Kuna mahali anasimama mbele ya dirisha la duka la visu, na uso wake unaonekana ndani ya kioo ukiwa umezungukwa na visu pande zote. Wapo wanaosema picha hiyo yaonyesha kuwa yeye ni hatari. Wapo wanaosema yaonyesha kuwa yeye mwenyewe amezingirwa. Nami husema kwamba picha imeyaweka yote mawili katika kioo kimoja, na kumlazimisha mtazamaji achague moja ni kumpunja.

Hata hivyo ishara kuu ni ile herufi. Kijana mmoja wa kundi la ombaomba anamwona Beckert akiwa na mtoto mwingine, akimmenyea chungwa kwa kisu. Anataka kumwekea alama ili wenzake wasimpoteze. Basi anaandika herufi M kwa chaki katika kiganja chake, anajifanya ameteleza juu ya ganda, na anampiga Beckert begani. Herufi inabaki kwenye koti. M ni herufi ya kwanza ya neno la Kijerumani lenye maana ya mwuaji. Beckert hajui kitu. Anaendelea kutembea na hukumu yake mgongoni, na mtu wa kwanza kumwonyesha kwamba amechafuka ni yule yule mtoto. Anageuka, anajitazama katika kioo, na macho yake yanatoka.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara hufikiria mambo mawili. La kwanza ni la umbo. Herufi M ni miongoni mwa herufi chache zisizogeuka sura zinapogandamizwa kutoka kiganjani au zinapotazamwa katika kioo. Mtu aliyeiandika, umma unaoisoma mtaani, na mwenye kuibeba anapojiona, wote wanaona kitu kimoja. La pili ni la lugha yetu. Kwa Kiswahili neno mwuaji huanza na M. Lakini pia mtu huanza na M, na mgonjwa, na mtoto, na mzazi, na mhukumu, na mshitakiwa. Jamii nzima ya majina ya watu katika sarufi yetu hubeba herufi ile mbele. Msemaji wa Kiswahili akiiona M kwenye koti la Beckert, hakuna kinachomwambia kwamba asome mwuaji peke yake.

Nalisema hili wazi kuwa ni langu. Lang hakujua Kiswahili, na herufi yake haikusudii ngeli zetu. Kuna tofauti kubwa kati ya kile ambacho filamu imekiweka na kile ambacho mtazamaji amekuja nacho kutoka nyumbani kwake. Kuja na kitu si dhambi. Mgeni asiye na chake hana cha kuzungumza. Dhambi ni kukiweka kitu chako katika mfuko wa mwenzio, kisha ukadai umekikuta humo.

Tuendelee. Baina ya sehemu hizo Lang anatuonyesha mikutano miwili kwa wakati mmoja, wa wakuu wa polisi na wa wakuu wa majambazi. Vyumba vyote viwili vimejaa moshi wa sigara. Mzungumzaji mmoja anaanza kunyoosha mkono katika mkutano huu, na mwingine anamalizia ishara ile katika mkutano ule. Je, maana yake ni kwamba polisi ni majambazi? Au kwamba majambazi wanaweza kuwa na nidhamu kama serikali? Au kwamba hofu ikiwashika watu, wema na waovu hufanana sauti? Filamu haisemi. Imeziweka picha jirani na kuondoka. Mapema zaidi tumeona mzee mmoja mtaani akiulizwa saa na mtoto, naye akamjibu. Papo hapo watu wakamzunguka na kumshuku. Kosa lake ni kumjibu mtoto. Anayeishi katika miji yetu, aliyewahi kusikia mtu akipigiwa ukelele wa mwizi sokoni, hahitaji kufasiriwa sehemu hiyo.

Baraza la majambazi linakaa katika kiwanda cha pombe kali kilichoachwa. Mkuu wao, bingwa wa kuvunja sefu, ameigizwa na Gustaf Gründgens. Beckert anapewa hata wakili. Anapoulizwa, anaanguka magotini na kusema kwamba hafanyi kwa kupenda. Kwamba kuna kitu ndani yake kinachomfuata mitaani, naye ndiye anayejifuata mwenyewe, hawezi kujikimbia. Ninyi, anawaambia, mngeweza kufanya kazi nyingine. Wakili anasema mgonjwa hupelekwa kwa daktari, hapelekwi kwa mnyongaji. Umati unapiga kelele auawe. Mwanamke mmoja anawasemea mama waliofiwa. Ndipo polisi wanaingia. Hatuwaoni, twaona tu mikono ya majambazi ikipanda juu, mmoja baada ya mwingine, kisha mkono mmoja unashuka begani mwa Beckert kwa jina la sheria. Mkono wa pili begani, baada ya ule wa chaki. Halafu twaona majaji wa kweli wakiingia kukaa, na kabla hukumu haijasomwa picha inahamia kwa mama watatu waliovaa nguo za msiba. Mmoja anasema kwamba hukumu haitawarudisha watoto, na kwamba watoto wanapaswa kutunzwa zaidi. Filamu imekwisha. Hatujui Beckert alinyongwa au alilazwa hospitalini.

Mwaka fulani niliionyesha kanda yake nyumbani, nikawa namfasiria kila mtu maneno. Ilipomalizika, kijana wa jirani alisema, "Mzee, hapa tumepunjwa. Mtu kama yule anangojewa nini? Wangemmaliza pale pale kiwandani." Mama mmoja wa mtaa, aliyelea watoto wanne, alikuwa kimya muda wote. Akamjibu, "Mwanangu, wewe umemtazama yule mwanamume. Mimi nimeitazama sahani." Hakuongeza neno. Niliona kuwa ameisoma filamu vizuri kuliko vitabu kadhaa nilivyovisoma juu yake. Kwa yule kijana, hadithi ilikuwa ya mwenye kuadhibiwa, na ilikatwa kabla ya mwisho. Kwa yule mama, hadithi ilikwisha zamani, pale mezani, na yote yaliyofuata yalikuwa wanaume wakigombania nani ashike rungu.

Mabishano kama hayo yalianza tangu siku za mwanzo, na mmoja wa wabishani alikuwa Joseph Goebbels, wakati huo mkuu wa Wanazi wa Berlin. Aliiona filamu mwezi ule ule wa Mei 1931, akaandika katika shajara yake kwa kuisifu. Yeye aliona kwamba inaunga mkono adhabu ya kifo na kuupinga ule aliouona kuwa ulegevu wa watu wenye huruma. Akatabiri kwamba Lang siku moja atakuwa mwongozaji wao. Wengine waliona kinyume chake, kwamba filamu yapinga adhabu ya kifo. Watu hao wote waliangalia picha zile zile, wakasikia maneno yale yale.

Sasa tazama yaliyofuata. Wanazi walishika dola Januari 1933, na Goebbels akawa waziri wa propaganda. Mwaka huo Lang aliondoka Ujerumani. Peter Lorre, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1904 katika dola ya Austria-Hungaria kwa jina la László Löwenstein, aliondoka pia. Mtayarishaji Seymour Nebenzal aliondoka. Thea von Harbou alibaki na kujiunga na chama. Gründgens alibaki, na mwaka 1934 akakabidhiwa tamthilia ya serikali mjini Berlin. Mwaka huo huo wa 1934 filamu M ilipigwa marufuku. Ile ambayo Goebbels aliisifu kwa ukali wake haikuonekana tena kuwa kali vya kutosha, au labda walitambua kwamba ina milango mingi mno ya kutokea.

Lakini hawakuiacha. Mwaka 1940 ilitoka filamu ya propaganda iliyoongozwa na Fritz Hippler, iitwayo Der ewige Jude, yaani Myahudi wa milele, mojawapo ya kazi chafu kabisa zilizowahi kuwekwa katika sinema. Ndani yake kulichomekwa kipande cha M: Lorre akiwa magotini, akilia kwamba hawezi kujizuia. Kile kilichokuwa ungamo la mtu mmoja wa kubuniwa kilionyeshwa kama ushahidi dhidi ya Wayahudi wote. Mwigizaji alifanywa kuwa ndiye mwuaji, na mwuaji akafanywa kuwa kabila zima. Umati uliomzunguka uliondolewa, wakili akaondolewa, mama wakaondolewa, mpira na puto na sahani vikaondolewa. Ulibaki uso mmoja, na sauti ya msimulizi ikaambia watu wauone vipi.

Hapo ndipo ninapolipata jambo ninalotaka kulisema. Wale watu hawakuhitaji kuongeza hata picha moja katika kile kipande. Walihitaji kupunguza tu. Picha yenye maana nyingi hulindwa na majirani zake. Kisu katika dirisha hulindwa na uso ulio katikati yake, ungamo hulindwa na mama aliyelijibu, na chaki begani hulindwa na mtoto aliyeionyesha. Ukiwafukuza majirani, picha yoyote itasema lolote.

Ipo hatari nyingine, nayo huwapata watu wema. Mwezi Septemba 1941 Wayahudi wa Ujerumani, kuanzia wenye umri wa miaka sita, waliamriwa kushona nyota ya manjano kifuani. Mtu akijua hilo, halafu akaiona ile M kwenye koti, na akajua kwamba mwigizaji mwenyewe alikuwa Myahudi, moyo wake utashtuka. Utasema, Lang aliona mbele. La hasha. Lang mwaka 1931 hakuwa nabii. Mwandishi Siegfried Kracauer, naye mkimbizi kutoka Ujerumani, alitoa kitabu mwaka 1947 akieleza kwamba filamu za miaka ile zilikuwa zikidhihirisha mwelekeo wa roho ya taifa lililokuwa likielekea kwa Hitler. Kitabu hicho kina mengi ya kutufunza. Hata hivyo ukiisoma picha kwa kuijua kesho yake, huachi kupata unachokitafuta. Bora kusema hivi: filamu haikuitabiri nyota, lakini iliona vizuri kitendo cha mtu kumwekea mwenzake alama nyuma yake, na furaha ya umati ukishapata alama ya kufuata. Kitendo hicho ni cha kale kuliko Berlin, na hakikuishia hapo.

Ushahidi tunao. Nebenzal alipokwisha kuhamia Marekani aliitengeneza upya filamu hiyo mwaka 1951, ikapigwa mjini Los Angeles na kuongozwa na Joseph Losey. Siku zile Marekani ilikuwa ikiwasaka wakomunisti, na watu wa sinema walikuwa wakitajana majina mbele ya kamati za bunge. Mwaka huo huo Losey mwenyewe, akiwa ameshukiwa na kunyimwa kazi, alihama nchi akaenda Ulaya. Hadithi ilikuwa ile ile, na alama ni ile ile. Mtaa tu ndio uliobadilika.

Basi ninapoulizwa filamu hii inamtetea nani, hujibu kwamba nimeona mikono miwili begani mwa Beckert. Wa kwanza uliandika kabla ya kuuliza. Wa pili ulimpeleka mahali pa kuulizwa. Filamu haikusema kwamba mkono wa pili hauna makosa, na ilificha hukumu ili tusije tukaitumia kujipumzisha. Wala haikusema kwamba Beckert asamehewe; sahani ile imekaa pale, na hakuna ungamo linaloijaza. Aliyetaka jibu moja amewahi kulipata, na historia imetuonyesha alilifanyia nini. Afadhali wale wanaotoka sinema wakiwa bado wanabishana njiani, huku kila mmoja akimtazama mwenziwe mgongoni na asione kitu.